Nyota Isiyompa Msomaji Adui

Kabla hujaandika neno lolote chini ya Punda au Mizani, kumbuka kwamba msomaji wako wa Ndera au Garsen, huku Tana River, hasomi nyota peke yake. Gazeti likishashuka kwenye basi hupita mikono mingi: kibanda cha chai, kwa kinyozi, kituo cha boda boda pale Minjila. Mara nyingi mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza. Ukiandikia redio ya jamii, sauti hiyo moja huingia kwenye boma la mfugaji na kwenye shamba la mkulima kwa dakika ile ile. Maneno uliyomwandikia Simba atayasikia pia Samaki aliyeketi naye benchi moja. Basi andika ukijua kwamba kijiji kizima kinasikiliza.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa safu ya nyota gazetini, au dakika tano za asubuhi redioni, au uliyeombwa na vijana wa kundi la WhatsApp uwatungie kitu cha kuwaamsha na moyo mkunjufu. Ni kazi ya heshima, hata kama wapo wanaoidharau. Habari nyingi za gazeti humhusu waziri, gavana na timu ya mpira. Hii ni moja ya sehemu chache ambapo mama anayeuza maembe kando ya barabara huambiwa maneno yaliyoelekezwa kwake. Hiyo ni nafasi adimu, na mwandishi anatakiwa aitunze.

Safu yenyewe si kongwe kama watu wanavyodhani. Elimu ya nyota ni ya kale sana; Claudius Ptolemy wa Alexandria aliiandikia kitabu katika karne ya 2, na pwani yetu ilikuwa na mabaharia na walimu wa falaki kabla ya kuwa na gazeti lolote. Lakini nyota za gazetini zilishika kasi baada ya Agosti 1930, pale R. H. Naylor alipoandika katika Sunday Express la London kuhusu nyota ya Margaret, mjukuu wa mfalme wa Uingereza, aliyezaliwa siku chache tu kabla. Wasomaji wakapenda, wahariri wakataka zaidi, na miaka michache baadaye wasomaji wote wakagawanywa katika nyota 12 ili kila mmoja apate fungu lake. Kwetu Afrika Mashariki jina kubwa lilikuwa la Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011. Kabla ya uchaguzi wa Tanzania wa 2010 alitabiri kwamba mwana-CCM atakayempinga Rais Kikwete ndani ya chama angekufa ghafla. Taifa zima lilijadili. Ukiniuliza, huo ni mfano wa utabiri ambao mwandishi wa nyota za kutia moyo hapaswi kuusogelea. Kifo kikishatajwa, msikilizaji huanza kuhesabu ni nani atakufa na ni nani atakuwa amemuua.

Wazee wetu walitazama juu kwa njia nyingine. Walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi lile la nyota lilimwambia mkulima lini kushika jembe. Halikumwambia jirani yupi ni mchawi.

Nani ni nyota gani

Hapa Tana River utakutana na tatizo ambalo mwandishi wa London halijui. Wazee wengi walizaliwa bila cheti. Umri wao hukumbukwa kwa mafuriko, kwa njaa, kwa mwaka wa vita fulani. Walipokwenda kuchukua kitambulisho, karani aliandika mwaka wa kukisia, na mara nyingi akaongeza Januari 1. Kwa hesabu ya gazeti wote hao ni Mbuzi. Kuna njia ya zamani ya pwani ya kukwepa jambo hili: mwalimu wa falaki hujumlisha thamani ya herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, hugawa kwa 12, na kinachobaki humwonyesha nyota. Wewe huna nafasi ya kumfanyia hivyo kila msikilizaji. Fanya mambo mawili. Kwanza, unapoandika Mbuzi, wafikirie wazee: waandikie kitu kinachomfaa mtu aliyeishi miaka mingi na anayejua mengi. Pili, kila fungu liwe na neno ambalo mtu wa nyota nyingine akilisikia anaweza kulichukua bila kujiona mwizi.

Hilo la pili si gumu, na ni vizuri ujue sababu yake. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, akamwambia kila mmoja kwamba ni yake peke yake. Wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, ambayo sehemu kubwa aliyatoa katika kitabu cha unajimu kilichouzwa mitaani. Aliwaomba wapime usahihi wake kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Maneno kama “una uwezo ambao hujautumia” au “wakati mwingine una shaka kama uliamua sawasawa” humgusa karibu kila binadamu. Hizo ndizo zana za kazi yako, na kwa sababu zinafanya kazi kwa urahisi kiasi hicho, msomaji anakuamini kuliko unavyostahili. Ukimwambia ana nguvu iliyofichika, ataamini. Ukimwambia kuna mtu anamchimba, ataamini vile vile.

Adui wa karibu

Fungua safu nyingi za nyota, au sikiliza waganga wanaojitangaza, utakuta sentensi ile ile imevaa nguo tofauti. Kuna mtu wa karibu anakuonea wivu. Mwenzako kazini si mwema. Jirani anakutazama kwa jicho baya. Sentensi hii humvuta msomaji kwa haraka kwa sababu kila mtu ana jirani, na kila mtu ameshawahi kukosa kitu bila kujua sababu. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuandika nyota inayozungumzwa.

Usiiandike. Ikiwa utachukua sheria moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Mwaka 2012 eneo hili lilijua maana ya neno adui. Agosti 22 kijiji cha Riketa kilishambuliwa alfajiri na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, na Desemba ikawa Kipao. Waliouana walikuwa wakulima na wafugaji waliokuwa wakinywa maji ya mto mmoja, wakiuziana maziwa na mahindi, wengine wakiwa wameoleana. Malisho, mashamba, siasa za mwaka uliotangulia uchaguzi, na malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni, vilikuwa chanzo. Lakini kabla ya panga kuinuliwa palikuwa na maneno: fulani anapanga, wale wanajiandaa, tuwahi kabla hawajatuwahi. Nyota haikuanzisha vita hivyo na sitaki kudai hivyo. Ninachosema ni kwamba “jirani yako ana nia mbaya” ni sentensi ambayo hapa ilishawahi kuua watu, na mwandishi hana haki ya kuichezea ili apate wasikilizaji.

Si hilo tu. Katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kule Ganze pana Kaya Godoma, mahali wanapohifadhiwa waliokimbia makwao. Mzee mwenye mvi na macho mekundu ya moshi hahitaji nyota ya mjukuu wake kutaja “mtu mzima katika familia anayekuzuia”.

Utauliza, je, nisiguse ugomvi kabisa? Uguse, kwa sababu watu wanaishi nao. Gusa upande wa msomaji mwenyewe: neno alilolisema kwa hasira, deni ambalo hajalipa, salamu aliyoikata. Hapo ana la kufanya. Huu hapa mfano wa rasimu niliyoitunga makusudi kwa mtindo wa kawaida, kisha masahihisho yake.

Rasimu: “Ng’ombe. Jirani unayemwamini anakula njama dhidi yako. Usimweleze mtu mipango yako. Ijumaa ni siku yako ya bahati, namba yako ni 7.”

Masahihisho: “Ng’ombe. Una mpango uliokaa nao kwa muda mrefu bila kuusema. Wiki hii umsimulie mtu mmoja mwenye busara, upate kuusikia kwa masikio yako mwenyewe. Ndani yake ipo hatua isiyohitaji pesa. Anza na hiyo.”

Tazama kilichotokea. Rasimu ilimfungia mtu ndani ya nyumba yake na kumwachia hofu. Masahihisho yanamtoa nje kwenda kuzungumza na mwenziwe. Ukipima kila fungu kwa swali hilo moja, je, linamsogeza msomaji kwa watu au linamtenga nao, utafuta nusu ya makosa kabla ya mhariri kuyaona.

Jihadhari pia na majina ya nyota zenyewe. Ng’ombe ni nyota tu, lakini katika kaunti ambayo ng’ombe ni mali ya mmoja na hofu ya shamba la mwingine, mzaha juu ya “Ng’ombe wanaoingia pasipo pao” hautachekesha pande zote mbili. Simba ndiye anayevamia zizi usiku. Acha majina yabaki majina.

Kitenzi

Lugha yetu imekupa viambishi vya kukusaidia. Kiambishi -ta- ni kizito. “Utapata pesa Jumatano” ni ahadi, na Jumatano itafika. Itumie -ta- pale tu ambapo jambo linafuata kitendo cha msomaji mwenyewe: “Ukiketi na daftari la madeni jioni moja, utajua nani alipwe kwanza.” Hiyo -ki- ya mwanzo ndiyo inayobeba uaminifu wako, kwa sababu hujaahidi pesa, umeahidi kujua. Kisha kipo kitenzi cha kushauri kinachoishia na -e: uanze, umwone, mzungumze. Kina upole wa mtu mzima anayekaa na kijana wake jioni. Amri tupu, fanya hivi, acha vile, itumie mara moja katika fungu, isije ikasikika kama chifu ametuma barua.

“Huenda” na “labda” zisijae. Mwandishi mwoga huzirundika, na mwishowe hakuna alichosema.

Urefu: maneno yasizidi 45 kwa nyota. Mtangazaji anayesoma kwa utulivu, maneno kama 120 kwa dakika, atamaliza zote 12 kwa muda usiozidi dakika nne na nusu. Kila fungu liwe na sehemu mbili tu, jambo ambalo msomaji anaweza kujitambua ndani yake na tendo dogo analoweza kulitimiza kabla ya wiki kwisha, bila nauli ya kwenda Malindi na bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ya kuacha

Namba za bahati, acha zote. Vijana wengi sasa wanabeti kwa simu, na namba uliyoitunga ukinywa chai itageuka shilingi 200 za unga wa nyumba fulani. Rangi za bahati zinaonekana hazina dhara, hadi mwaka wa uchaguzi unapofika na kila rangi ina chama chake. Wewe umeandika manjano au chungwa bila kuwaza, na mtu amesikia amri ya kupiga kura.

Magonjwa usiyatabiri wala usiyaponye. Mtu mwenye kifua cha wiki tatu hahitaji kusikia kwamba “mwili wako utapata nafuu mwezi ukiandama”. Ukitaka kugusa afya, mkumbushe miadi ya zahanati aliyoiahirisha.

Mvua na mto, hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali na nafsi yako. Tana hupanda kwa mvua za mbali, za Mlima Kenya na Aberdare, na kwa maji yanayomwagika bwawa la Masinga linapojaa. Garsen panaweza kuwa na jua kali na mto ukawa unakuja. Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Lamu upande wa Gamba, na mafuriko yakarudi tena Aprili na Mei 2024. Sentensi nyepesi kama “wiki njema kwa safari” au “panda sasa, mavuno yanakuja” ina uzito mwingine kwa mkulima wa bondeni anayesubiri maji yapungue ndipo apande. Habari za mto ziachie Idara ya Hali ya Hewa na wanaopima maji.

Dini nayo ina neno lake. Wapokomo wa sehemu za juu za mto, Ndera wakiwamo, kwa wingi ni Waislamu, na wa chini wengi ni Wakristo. Waorma na Wawardei ni Waislamu. Masheikh na wachungaji wengi wanakataza kuamini kwamba nyota huamua mambo, na wana haki ya kusema hivyo. Njia yako ni kuandika kwa namna ambayo hakuna fungu linalomtaka mtu aamini hivyo. Usiseme “nyota zimeamua”, wala “sayari inakuzuia”. Mwanzoni mwa safu weka sentensi moja ya wazi: haya ni maneno ya kutia moyo, si utabiri. Wahariri wengine huogopa kwamba ukweli huo utawafukuza wasomaji. Sidhani. Anayetaka neno zuri asubuhi hataacha kulisoma kwa sababu aliyeliandika hakujifanya anaona mbele. Na katika Ramadhani usimwalike mtu chai ya saa nne asubuhi.

Kalenda ya mahali

Nyota zinazofaa Nairobi zinaweza kuwa ngeni kabisa Ndera. Weka kando ya meza yako kalenda ya hapa. Masika huanza karibu Machi au Aprili, vuli huja Oktoba hadi Desemba. Katikati yake ni ukame, na wakati huo mifugo huteremka kwenye delta kutoka mbali, njia za malka hujaa na subira ya watu hupungua. Hizo ndizo wiki za kuandika kuhusu kusikilizana, kumwuliza mwenzako kabla ya kumshuku, kupeleka jambo kwa wazee kabla halijawa kubwa. Shule zikifunguliwa, wazazi wanahesabu karo. Waandikie juu ya kupanga na kuomba muda, usiwaandikie juu ya kujipa raha. Mwisho wa mwaka maembe huwa mengi na bei huwa chini. Wakati huo usimwahidi yeyote faida. Mtie moyo azungumze na wenzake wa chama kuhusu kuuza pamoja.

Haya hapa mafungu mengine matatu niliyoyaandika kwa wiki ya kiangazi, uone namna mambo yanavyokaa.

“Mbuzi. Unayoyajua kuhusu mto huu, njia zake na miaka yake ya shida, hayajaandikwa popote. Wiki hii mwite mjukuu au mtoto wa jirani umsimulie jambo moja tu, kwa utaratibu. Akiuliza swali, umjibu. Atalikumbuka kuliko unavyofikiri.”

“Mizani. Kuna maneno mliyoachana nayo njiani bila kuyamaliza. Si lazima uyafungue yote. Salamu ikitoka kwako kwanza haitakupunguzia heshima, na siku ya pili mazungumzo yatakuwa mepesi kidogo. Nenda asubuhi, kabla jua halijawachosha nyote wawili.”

“Samaki. Kazi uliyoiomba walipewa wengine. Ulichokijua kabla ya kuomba bado unakijua. Mtafute mtu aliyepita njia hiyo kabla yako, umwulize alianzaje na alikwama wapi. Swali halina gharama, na wapo wanaopenda kuulizwa.”

Zingatia kwamba Mizani hapo juu ingemfaa mfugaji na mkulima kwa pamoja. Hilo lijaribu kila wiki. Kabla hujatuma, msomee kwa sauti mtu mmoja wa shambani na mmoja wa malishoni, kila mtu kwa wakati wake. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize, “Unadhani hapa nimemsema nani?” Mmoja akitaja kabila, ukoo, kijiji au jina la mtu, fungu hilo livunje na uanze upya, hata kama nia yako ilikuwa safi. Pia geuza zamu: nyota iliyopewa jambo la huzuni wiki hii ipewe la furaha wiki ijayo, kwa maana wapo wanaohesabu, na mtu aliyesikia mambo mazito mara tatu mfululizo huanza kujiona ana mkosi.

Msomaji akikusimamisha barabarani akuambie kwamba ulichoandika kimetimia, mshukuru, kisha umwulize alifanya nini. Mara nyingi utakuta alikwenda, alizungumza, alilipa, aliomba. Mwambie kazi ilikuwa yake.

Na zipo siku za kuiondoa safu. Mto unapopanda na watu wanahama, au damu ikimwagika popote kati ya Wenje na Kipini, nyota zisitoke. Kubaliana na mhariri au msimamizi wa kituo mapema, kabla siku hiyo haijafika, kwamba nafasi ile ya dakika tano itatumika kutangaza njia zilizofungwa, kambi zilipo, nambari za Msalaba Mwekundu na majina ya shule zinazopokea watu. Mpange pia nani atapiga simu kuthibitisha kila tangazo kabla halijasomwa hewani. Safu irudi wiki ambayo watu wamerudi makwao, na mafungu ya kwanza yawe mafupi.